Mali bila daftari: wakaaji wa komini za Beni wanalipa, waambiwe pesa inaenda wapi

BENI, Kivu ya Kaskazini. Kila siku ya soko, iwe Oicha, iwe Mangina ao Bulongo, mambo yanaanza namna moja. Jua halijapanda sana, mama amekwisha kutandika kitambaa chini na kupanga mafungu yake ya sombe, ya lengalenga na ya ndizi. Mkusanyaji wa kodi anapita na kitabu mkononi. «Mama, leta ya soko.» Mama anafungua pembe ya kikwembe, anahesabu noti, anatoa. Pembeni yake kuna mama mwingine. Huyu alikimbia kijiji chake upande wa Eringeti ao wa Kamango, analala na watoto katika jiko la familia iliyompokea, na sombe anayouza aliichukua kwa deni. «Na wewe, mama, leta ya soko.» Naye anafungua pembe ya kikwembe, naye anatoa.

Mkusanyaji hamuulizi huyo wa pili kama ni mwenyeji ao ni mdeplase. Pesa haina kijiji. Lakini siku mkutano unapoitwa, siku watu wanapouliza maji yamefika wapi, daraja litatengenezwa lini, nani aliandikwa kwenye orodha ya msaada na nani aliachwa, hapo ndipo maswali ya kijiji yanaanza. Wewe ni wa avenyu gani? Nani alikuita? Mdeplase angojee msaada, mambo ya komini hayamuhusu.

Hiyo si haki, na haipashwi kuendelea. Anayelipa ana haki ya kuona daftari. Anayekaa mahali, akafagia barabara ya mahali hapo siku ya salongo, akalipa soko la mahali hapo na kuzika watu wake katika udongo wa mahali hapo, huyo ni mkaaji. Wazee walisema zamani: mali bila daftari hupotea bila habari. Katika komini ndogo za teritwari ya Beni, kinachopotea si mali peke yake. Imani pia inapotea, na mahali penye vita imani ikipotea watu wanakufa.

Sheria inasema nini

Wakaaji wengi wanafikiri komini ni ofisi ya burgumestre, na burgumestre ni mtu wa serikali anayefanya anavyoona. Sheria haisemi hivyo. Sheria namba 08/016 ya tarehe 7 mwezi wa kumi 2008 inasema kwamba mji, komini, sekta na sheferi ni enti zenye utu wao wa kisheria, zenye bajeti yao na wakubwa wao. Komini ina vyombo viwili. Cha kwanza ni baraza la komini, ndani yake wanakaa washauri waliochaguliwa na raia. Cha pili ni kamati ya utendaji, inayoongozwa na burgumestre. Baraza ndilo linamchagua burgumestre. Baraza ndilo linapitisha bajeti. Baraza ndilo linamwita burgumestre na kumuuliza: tulikubaliana hivi, mbona umefanya vile?

Sheria hiyo ni nzuri. Shida ni kwamba mguu wake mmoja haujawahi kugusa chini. Tangu itiwe sahihi mwaka wa 2008, hakuna mkaaji hata mmoja wa Oicha, wa Mangina ao wa Bulongo aliyewahi kupiga kura ya kuchagua mshauri wa komini. Tarehe 20 mwezi wa kumi na mbili 2023 tume ya uchaguzi CENI iliandaa kwa mara ya kwanza kura ya washauri wa komini, lakini katika miji mikuu ya majimbo peke yake. Komini za vijijini ziliambiwa zingojee. Zingali zinangojea.

Matokeo yake ni rahisi kuelewa hata kwa mtoto. Mtu aliyechaguliwa na watu anaogopa watu. Mtu aliyewekwa kwa barua anamwogopa aliyeandika barua. Burgumestre anaweza kuwa mtu mwema, mwenye bidii, anayelala ofisini usiku risasi zinapolia. Wako wa namna hiyo, na wakaaji wanawajua. Lakini wema wa mtu mmoja si utawala. Siku atakapohamishwa, wema wake unaondoka naye ndani ya sanduku lake, na anayekuja anaanza upya bila mtu wa kumuuliza neno.

Tangu tarehe 6 mwezi wa tano 2021 jambo hili limekuwa zito zaidi. Siku hiyo ndipo eta de siyeji ilianza kufanya kazi katika Kivu ya Kaskazini na Ituri. Gavana wa kiraia alipisha mwanajeshi, na meya wa kiraia akapisha afisa wa polisi. Katiba inasema hali hiyo ni ya siku 30, kisha inaweza kurefushwa siku 15 kwa siku 15. Ilirefushwa siku 15, na 15 nyingine, na 15 nyingine, mpaka watu wakaacha kuhesabu. Afande anajua kuamuru na anajua kutii. Hakufundishwa kusimama mbele ya mama muuza sombe na kueleza mapato ya soko. Si kosa lake. Lakini baraza la komini halijawahi kuwako, na bunge la jimbo limewekwa kando. Basi ni nani anasoma daftari kwa niaba ya wananchi? Hakuna.

Watu wa Beni hawajakataa kura

Wako wanaosema watu wa huku hawajali siasa, wamechoka, wanataka amani tu. Huo ni uongo unaowafaa wasiotaka kuulizwa. Mwezi wa kumi na mbili 2018 CENI ilisogeza uchaguzi wa Beni na Butembo mpaka mwezi wa tatu 2019, ikisema ni juu ya Ebola na usalama. Tarehe 30, siku nchi ilipokuwa inamchagua rais, wakaaji wa Beni walijipanga mistari wao wenyewe, wakapiga kura ya mfano, kuonyesha dunia kwamba wanaweza na wanataka. Rais mpya aliapishwa mwezi wa kwanza 2019, na kura za Beni hazikuwamo.

Watu waliojipanga mstari kwa kura isiyohesabiwa, mtu atasema hawajali? Wanajali. Wanachokosa ni mahali pa kuweka kujali kwao.

Pesa ya juu na pesa ya chini

Haki ni kusema pande zote. Komini nazo zinaibiwa, na wakaaji wajue.

Katiba ya 2006, kifungu cha 175, inasema kwamba 40% ya mapato ya taifa ni ya majimbo, na majimbo yaikate palepale pesa inapokusanywa. Sheria ya 2008, kifungu cha 115, inaongeza: enti za chini zina haki ya 40% ya sehemu hiyo ya jimbo. Ni hesabu ya mtoto wa masomo. Katika kila franka 100, 40 ni za majimbo. Katika hizo 40, 16 ni za miji, komini, sekta na sheferi.

Lakini kukata palepale hakufanyiki namna katiba ilivyotaka. Pesa inapanda Kinshasa yote, kisha Kinshasa inarudisha kiasi inachotaka, siku inayotaka. Kinachorudi kinapita jimboni, nako kinapungua. Ndiyo maana burgumestre wa komini ya kijijini anakaa na kiti kilichovunjika na karani asiyelipwa, huku malori ya kakao yanapita mbele ya mlango wake yakielekea Kasindi, mpaka wa Uganda. Kakao ni ya mashamba ya Beni. Watu wanaouawa wakivuna kakao ni wa Beni. Barabara inayoharibika ni ya Beni. Pesa inakwenda safari, haikumbuki njia ya kurudi.

Basi komini inafanya nini? Inageukia chini. Inageukia meza ya sombe, pikipiki ya motari, duka la chumvi na sabuni, taksi ya etalaje, taksi hii na taksi ile. Mwenye nguvu haguswi, anaguswa aliye karibu. Na kwa sababu karani halipwi, naye anajilipa mwenyewe njiani. Noti moja inaingia kitabuni, nyingine inaingia mfukoni, na risiti haitolewi kwa kuwa risiti inaongea.

Hapo ndipo viongozi wengi wa komini wanakosea hesabu. Wanafikiri wakionyesha daftari watu watawacheka kwa kuwa ni tupu, ao watawapigia kelele. Ni kinyume chake. Burgumestre anayesimama mbele ya watu na kusema «mwezi huu soko limeleta kiasi hiki, jimbo halikuleta kitu, mishahara imekula kiasi hiki, kimebaki hiki» anapata jeshi la watu nyuma yake siku atakapokwenda kudai haki ya komini. Burgumestre anayeficha daftari tupu anabeba peke yake lawama ya wezi walio juu yake.

Na kisingizio cha umbali kimekwisha. Tangu Goma iingie mikononi mwa M23 mwezi wa kwanza 2025, serikali ya jimbo inafanya kazi hapa Beni. Kutoka Oicha mpaka mlango wa gavana ni kilometa karibu 30. Zamani watu waliambiwa faili iko Goma. Leo faili iko mahali ambapo motari anafika na kurudi kabla ya chakula cha saa sita.

«Kwanza vita viishe»

Jibu linalotolewa kila mara mkaaji anapouliza hesabu ni hili: sasa ni wakati wa vita, mambo ya hesabu yatakuja baadaye. Anayeuliza anaonekana adui, pengine anaambiwa anasaidia waasi.

Jibu hili lichunguzwe vizuri. Mauaji ya raia katika teritwari ya Beni yalianza mwezi wa kumi 2014. Mtoto aliyezaliwa mwezi huo, akiwa hai, amekwisha kujua kusoma na kuandika, kama masomo yake hayakuchomwa. Kama hesabu zingojee vita viishe, basi huyo mtoto ataoa na kuzaa kabla hajasikia bajeti ya komini yake. Operesheni moja imefuata nyingine. Kutoka mwisho wa mwezi wa kumi na moja 2021 jeshi la Uganda liliingia kusaidiana na FARDC. ADF wanapigwa huku, wanatokea kule. Hakuna anayeweza kuwaambia watu vita vitaisha tarehe gani. Kwa hiyo kusema «baada ya vita» ni kusema «kamwe», kwa sauti ya upole.

Tena, ni wakati wa vita hasa ndipo daftari linahitajika. Watu wa Beni walilipa bei ya kujifunza jambo hilo. Mwezi wa nane 2018 Ebola ilitangazwa Mangina. Ilidumu mpaka mwezi wa sita 2020, ikaua watu zaidi ya 2,200 katika eneo hili la mashariki. Magari yaliingia mengi, pesa ikaingia nyingi, nyumba zikapangishwa kwa dola. Mkaaji wa kawaida aliona magari, hakuona hesabu. Ndipo neno «Ebola biznesi» likazaliwa. Watu wakasema: hawa wanataka ugonjwa udumu. Wengine wakakataa chanjo, wengine wakaficha wagonjwa, timu zikapigwa mawe na hata kuuawa. Virusi vilikuwa vya kweli. Dawa ilikuwa ya kweli. Lakini palipokosekana ukweli wa pesa, hata ukweli wa dawa haukusadikiwa.

Ulinzi wa raia ni vilevile. Mkulima anapoona nyayo asizozijua karibu na shamba, ampelekee nani habari? Atampelekea shefu anayemwamini. Kama shefu huyo ndiye aliyemtoza pesa bila risiti jana, ndiye aliyeandika ndugu zake kwenye orodha ya msaada, mkulima atafunga mdomo, atachukua watoto wake na kukimbia. Kijiji cha jirani hakitaonywa. Bunduki peke yake haizibi pengo hilo.

«Wadeplase ni wageni, watarudi kwao»

Hili ni jibu la pili, na linaumiza zaidi kwa sababu linatoka pia kwa wakaaji wenyewe.

Kiswahili kina neno lake juu ya mgeni: siku mbili ni mgeni, siku ya tatu mpe jembe. Familia zilizokimbia vijiji vya sekta ya Beni-Mbau, za Watalinga, za Ruwenzori, nyingi zimekwisha kupewa jembe zamani. Zinalima kwa kibarua mashamba ya wenyeji. Zinabeba kakao. Zinalipa soko. Zinatoka na majembe siku ya salongo. Siku mbili za ugeni zilikwisha miaka mingi iliyopita. Aliyepewa jembe lakini akanyimwa neno hakupokewa kama mgeni wala kama mwenyeji. Amepokewa kama mkono wa kazi.

Na nani katika komini hizi anaweza kusema kwa hakika kwamba yeye ni mwenyeji na mwingine ni mdeplase? Mwezi wa kwanza 2020, mauaji yalipoifikia Oicha, watu wa Oicha walishika njia ya Beni na magodoro kichwani. Mangina imehama na kurudi. Watu wa Bulongo wanajua kulala upande mmoja wa mto na kuamka upande mwingine. Anayemwita jirani yake mdeplase leo pengine kesho atakuwa anapiga hodi kwa mtu mwingine, na atapenda aulizwe ana njaa, si aulizwe anatoka wapi.

Sheria nazo ziko. Kanuni elekezi za Umoja wa Mataifa za 1998 juu ya wakimbizi wa ndani zinasema watu hao hawapotezi haki ya kushiriki mambo ya serikali na ya umma, wala haki ya kura. Zinasema pia wanawake washirikishwe katika kupanga na kugawa misaada. Mkataba wa Kampala, uliopitishwa na Umoja wa Afrika 2009, unasema wajibu wa kwanza wa kuwalinda na kuwasaidia ni wa dola yao wenyewe. Si wa shirika lenye gari jeupe. Wa dola. Na dola, kwa mama aliye Oicha, ni komini.

Orodha

Hakuna kitu kinachogombanisha watu katika komini hizi kuliko orodha. Nchi haijahesabu watu wake tangu 1984. Hakuna kitambulisho cha kweli mikononi mwa wengi. Kadi ya mpiga kura ndiyo inafanya kazi hiyo, na kadi nyingi za 2023 maandishi yalifutika mapema, zikabaki kipande cha plastiki cheupe. Aliyekimbia usiku alikimbia na mtoto, hakukimbia na kadi. Kwa hiyo kuwapo ao kutokuwapo kwa mtu kunakaa ndani ya daftari la shefu wa kartiye. Jina lako liko? Upo. Jina lako haliko? Watoto wako wanakula upepo.

Kalamu yenye nguvu namna hiyo, ikiachwa mkononi mwa mtu mmoja, itaharibika hata kama mtu huyo alianza vizuri. Yanatokea majina ya watu waliokufa. Yanatokea majina ya ndugu wanaokaa Butembo. Inatokea jetoni ya chakula kuuzwa kabla chakula hakijafika. Na ukweli usemwe wote: wako pia wadeplase wanaojiandikisha mara mbili, kwa jina la baba hapa na kwa jina la babu kule. Wako wenyeji wanaojifanya wamekimbia. Njaa inafundisha ujanja. Lakini ujanja wa mwenye njaa na wizi wa mwenye kalamu havina uzito mmoja, na vyote viwili vina dawa moja: orodha isomwe mbele ya watu.

Watu wa usalama watasema kubandika majina ya waliokimbia ukutani ni hatari, adui anaweza kusoma. Wana haki. Basi majina yasibandikwe. Yasomwe kwa mdomo, avenyu kwa avenyu, mbele ya wale wanaojuana, siku mbili kabla ya kugawa. Asiyekuwapo ajulikane, aliyeachwa aongezwe, aliyeandikwa mara mbili afutwe. Jirani anamjua jirani. Hakuna kompyuta inayoshinda macho ya akina mama wa avenyu moja. Nayo mashirika ya msaada yaache kuchukua orodha ya mtu mmoja, kupiga picha na kuondoka kabla ya jua kuzama. Wanaobaki na ugomvi ni watu wa hapa.

Mambo yasiyongojea Kinshasa

Uchaguzi wa washauri wa komini ni haki, na wakaaji wasichoke kuudai. Lakini kuna mambo yasiyohitaji CENI, wala dola za wafadhili, wala sahihi ya Kinshasa. Yanahitaji moyo tu.

La kwanza, ubao. Ubao mmoja mweusi na chaki, nje ya ofisi ya komini, mahali mpita njia anaona. Kila mwisho wa mwezi: soko limeleta kiasi gani, pikipiki kiasi gani, jimbo kiasi gani, nini kimetumika na kwa kazi gani. Kama jimbo limeleta sufuri, iandikwe sufuri, watu waione.

La pili, risiti yenye namba, kwa kila noti inayotolewa. Mkaaji asikatae kulipa. Komini isiyolipiwa haiwezi kuzoa hata takataka za soko. Lakini aseme kwa adabu: «Papa, pesa hii hapa, leta risiti.» Mmoja akisema hivyo peke yake atatishwa. Soko zima likisema hivyo siku moja, hakuna atakayetishwa.

La tatu, mkutano wa wazi kila miezi mitatu, burgumestre, mashefu wa kartiye na wasimamizi wa soko wakiwa mbele. Si mkutano wa kutoa maagizo na kupigiwa makofi. Mkutano wa kujibu.

La nne, viti. Mpaka baraza la kweli lichaguliwe, kamati yoyote ya komini inayogusa soko, maji, masomo ao msaada iwe na watu wa familia zilizokimbia, waliochaguliwa na wenzao wenyewe, na wanawake wawemo. Mama anayepika kwa mafiga matatu chini ya hema anajua mahali bomba la maji linapopashwa kuwekwa kuliko mtu anayeletewa maji ofisini.

La tano, redio. Redio za hapa zinafika mahali barabara haifiki. Hesabu ya ubao isomwe hewani, kwa Kiswahili na kwa Kinande, ili aliye shambani, aliye mafichoni, aliye katika kambi na simu ndogo ya tochi, naye asikie. Vijana na mashirika ya raia, wanaojua kufunga miji kwa siku moja ya maandamano, wajue pia kukaa kimya saa mbili mbele ya ubao na kunakili namba. Kunakili namba kunachosha zaidi, lakini mwizi anakuogopa zaidi.

Atakayesema mambo haya matano ni madogo mbele ya mapanga ya ADF, ana haki kwa nusu. Ubao hauzuii panga. Lakini watu wanaojua pesa yao inaenda wapi wanakaa pamoja, wanaambiana habari, wanalinda shefu wao naye anawalinda. Watu waliogawanywa na orodha ya uongo wanakimbia kila mmoja njia yake, na anayekimbia peke yake ndiye anayekamatwa.

Siku ya soko itakuja tena wiki hii. Mkusanyaji atapita tena na kitabu chake. Mama wa kwanza atafungua pembe ya kikwembe, na mama wa pili atafungua pembe ya kikwembe, na noti zao mbili zitalala pamoja katika mfuko mmoja, bila kuulizana vijiji. Kama noti zao zinaweza kukaa pamoja, wao pia wanaweza kusimama pamoja mbele ya ofisi ya komini na kuuliza swali moja. Na mwenye ofisi anapashwa kuwajibu wote wawili.